Bawaba za Mlango wa Wifi

Kabla hakujapambazuka, mlango wa chumba cha wifi yangu ulilia. Ulilia vile ulivyolia siku zote, kwanza mlio mwembamba, halafu mkoromo, halafu ukagonga ukuta kidogo. Mimi ndiye niliyeusukuma. Nilikuwa na beseni la maji ya uvuguvugu mikononi, taulo begani, na usingizi wa siku ishirini machoni.

"Umechelewa," wifi alisema kutoka kitandani.

"Nimechelewa wapi, hata kuku hawajaamka."

"Magoti yako ndiyo yaliyochelewa. Nimeyasikia tangu jikoni. La kulia linalia kuliko mlango."

"Kaka yako ndiye aliyeyamaliza, kwa kunituma huku na huko miaka arobaini."

"Kaka yangu alikuoa akiwa na homa. Usimsingizie."

Nilicheka, nikaweka beseni chini. Nilimgeuza ubavu, nikamfuta mgongo, nikampaka mafuta pale ngozi ilipoanza kuwa nyekundu. Nilipomaliza nilikaa kwenye stuli na sikuweza kuinuka mara moja. Wifi alijua. Alinyoosha mkono akapapasa hewa mpaka akapata bega langu, akaliminya kidogo, kisha akajifanya alikuwa anatafuta shuka.

Mtaani kwetu wote humwita Opareta, hata watoto waliozaliwa baada ya mashine zile kutupwa. Kwa miaka thelathini na mmoja alikaa mbele ya ubao wa simu wa mji huu, vyombo vya kusikilizia vimemkaa masikioni, akichomeka waya wa huyu kwenye tundu la yule. Alimjua mtu kwa pumzi kabla hajasema haloo. Macho yake yaliharibiwa na presha ya macho, yakabakiwa na mwanga na kivuli tu, na hakulalamika sana. Alisema macho hayakuwahi kumlipa mshahara.

Kaka yake, mume wangu, alifariki miaka tisa iliyopita. Tukabaki wawili na makabati. Halafu saratani ikamwingia wifi kwenye mifupa. Daktari alikaa naye, akamwambia ukweli bila kuuzungusha, kisha akamuuliza angependa awe wapi siku zilizobaki.

"Kitandani kwangu," wifi alijibu. Akanigeukia mimi. "Na nisihamishwe. Wifi, uniahidi."

Nilimwahidi. Sikujua uzito wake. Mtu huahidi kwa mdomo, kisha mgongo ndio unaotimiza.

Tulipewa muuguzi wa tiba shufaa, wale wanaokuja nyumbani si kwa kuponya bali kupunguza maumivu. Alikuja Jumanne na Ijumaa. Nilimpenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu kabla ya kumgusa mgonjwa alikuwa anakumbatia kikombe cha chai kwa viganja viwili mpaka vipate joto. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Lakini mlango ule ulinichosha. Nikiingia unalia, nikitoka unalia. Wifi akisinzia nabaki nimesimama nje kama mwizi, naogopa kuusukuma. Siku moja mjukuu wangu alipopiga simu nikamlalamikia. Nilimwambia, mwanangu, wewe unayesomea vyumba vya watu, njoo unitulizie hiki kimoja kabla sijalala sakafuni.

Mjukuu wangu ni msanifu wa vyumba. Wakati huo alikuwa amepewa kazi na hospitali moja, apange wodi mpya ya wagonjwa wasiopona, na yeye huichukulia kazi kama mtu anayebeba mayai. Aliomba likizo ya wiki mbili akaja na begi la nguo na begi la vifaa. Hakuanza kwa kupima. Alisubiri siku tuliyombeba wifi akae kibarazani, akalala kitandani mwake chali, akafumba macho, akakaa hivyo nusu saa nzima.

"Unafanya nini?" nilimuuliza.

"Nasikiliza anachosikia, bibi. Kelele ni nyingi mno humu."

Ni kweli. Ng'ambo ya barabara kuna karakana ya kuchomelea mageti. Pikipiki hupita chini ya dirisha kama zinaingia ndani. Na mlango wenyewe.

Alifanya kazi siku nne, na alifanya vizuri, nisije nikamwonea. Aliinua kitanda kwa magogo manne ili mgongo wangu usipinde ninapomwosha wifi. Hilo sikumwomba. Alikuwa ameniona nikijishika kiuno, akaenda kutafuta magogo. Alifunga mshikio wa mbao ukutani, laini kama kijiko cha zamani, wifi ajivutie. Alitundika pazia nzito mbili mbili, akatandika zulia nene, akaziba dirisha pembeni kwa sponji. Miguu ya stuli aliivisha mpira wa tairi la baiskeli. Vikombe vya bati alivipeleka jikoni akaleta vya plastiki. Alitushonea ndara za kitambaa, mimi na yeye na muuguzi. Mwisho akavua mlango, akazijaza bawaba grisi, akabandika kitambaa cha sufu kwenye fremu. Ukiusukuma kwa kidole kimoja, ulikwenda kimya kama moshi.

"Sasa Bibi Opareta atapumzika," alisema.

Ilikuwa Ijumaa. Siku hiyohiyo muuguzi aliongeza dawa ya maumivu, ile ya maji, kijiko kidogo kila baada ya saa nne. Jioni ile nililala kwa mara ya kwanza bila kuota mlango. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru mjukuu wangu, nikalala tena.

Mambo yaliharibika taratibu. Asubuhi iliyofuata nilimgusa wifi bega akaruka kama aliyemwagiwa maji baridi.

"Ni mimi," nikasema.

"Najua ni wewe," akajibu, lakini moyo wake ulikuwa unadunda mpaka shingoni.

Hakuniambia nimechelewa. Hakuyataja magoti. Siku nzima alikuwa amegeuza uso upande wa mlango, paji limekunjamana, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Nikidhani amelala, nikiinama kumfunika, anashtuka tena. Ikafika mahali analia kidogo kila akiguswa, halafu anaomba radhi. Kwa miaka yote sijawahi kumsikia wifi yangu akiniomba radhi. Hilo liliniogopesha kuliko ugonjwa.

Jumapili akafunga mdomo. Nilileta kijiko, akageuza uso ukutani.

"Wifi, ni dawa."

"Sitaki."

"Maumivu yatakurudia."

"Yarudi."

Na yakarudi. Usiku na mchana aliuma kona ya shuka. Mjukuu alijaribu, akamwimbia, akambembeleza. Mimi nilijaribu kuichanganya kwenye supu, akaitema, na nikaona haya, kwa kuwa ni mtu mzima na nilimfanyia kama mtoto.

Jumanne muuguzi alikaa naye muda mrefu. Alipotoka alifunga mlango ule usio na sauti, akanishika mkono.

"Bibi, hataki kunieleza kwa nini. Anasema tu hataki. Siwezi kumwacha hivi. Tujaribu mpaka Ijumaa. Akikataa bado, nitakuja na gari tumpeleke wodini, huko tutampa kwa dripu."

"Aliomba asihamishwe."

"Najua. Uliniambia." Macho yake yalikuwa mekundu. "Lakini hakuomba kuteseka hivi."

Nilirudi jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Jumatano ikapita. Alhamisi mchana nilipasha supu, nikaiweka kwenye sufuria ndogo ya kijani pamoja na mfuniko wake ili isipoe. Nilikuwa nimechoka ule uchovu ambao mikono inaonekana kama ya mtu mwingine. Nilisukuma mlango kwa nyonga. Kati ya zulia na kizingiti pana upana wa shubiri moja wa saruji tupu, nami nilikuwa nimevaa zile ndara za kitambaa. Mguu ukateleza. Sikuanguka, nilishika fremu, na supu nyingi ilibaki. Mfuniko ndio ulioanguka. Ulipiga saruji, ukazunguka, ukazunguka, ukilia kama kengele, mpaka ukachoka wenyewe ukalala.

Nilisubiri wifi ashtuke. Hakushtuka.

"Mfuniko wa sufuria ya kijani," alisema.

"Nisamehe, nimeteleza."

"Ule wenye pengo pembeni."

"Ndiyo huo. Pole, nitaokota."

"Uangushe tena."

Nilimtazama. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka masikioni.

"Wifi, una nini?"

"Uangushe tena, nimekwambia."

Niliweka sufuria, nikaokota mfuniko, nikauangusha. Ukazunguka. Alisikiliza mpaka mwisho, kinywa kimefunguka kidogo, kama mtu anayekunywa.

"Kumbe yapo," alisema.

"Nini?"

"Masikio."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Akanieleza polepole, maana pumzi zilikuwa chache. Alisema ubaoni kulikuwa na wakubwa wake waliozeeka wakiwa kazini, na aliona jinsi masikio yanavyoondoka. Hayaanzi na maneno. Maneno husikika mpaka mwishoni. Yanaanza na vile vidogo, mkwaruzo wa waya kuingia tunduni, pumzi ya mtu kabla hajasema. Ukivipoteza hivyo, ujue umekwisha.

"Sasa siku ile naamka, sisikii mlango. Sisikii goti lako. Sisikii kijiko kwenye kikombe. Nawasikia mkisema tu, tena ghafla, mko juu ya kichwa changu. Mkono unanigusa, sijui umetoka wapi."

"Na dawa?"

"Dawa iliongezwa siku hiyohiyo. Nikasema ndiyo inayoyala. Macho yameshakwenda, wifi. Nilitaka nife nikisikia watu wangu. Bora maumivu, maumivu nayajua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Opareta amekuwa kiziwi? Ungemaliza mtaa mzima kwa kicheko."

"Ningecheka kidogo tu."

"Nakujua."

Nikashika mkono wake. Ilibidi niseme, ijapokuwa ningependa kunyamaza. "Wifi, mlango niliutaka mimi. Nililalamika kwa mtoto. Nilikuwa natafuta usingizi wangu."

Nilidhani atakasirika, na angekuwa na haki.

"Uliupata?" akauliza.

"Siku mbili."

"Basi si hasara yote."

Hapo ndipo nilipoinua kichwa nikamwona mjukuu amesimama mlangoni. Sijui alikuwa pale tangu lini. Mlango ulikuwa wazi, zulia nene, ndara za kitambaa. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua, mimi mwenye macho wala wifi mwenye masikio. Mwenyewe alilielewa hilo kabla hatujasema neno. Nililiona likimwingia usoni. Alivua zile ndara, akazishika mkononi, akatembea na miguu mitupu akiikanyaga sakafu kwa nguvu.

"Bibi Opareta, ni mimi. Nimesikia yote."

"Chumba chako ni kizuri," wifi alisema haraka. "Usinisikilize mzee mimi."

"Si kizuri. Nilipolala hapo nilifumba macho nikasikiliza kwa masikio yangu. Sikukuuliza wewe."

Akakaa sakafuni, akafungua daftari lake, akalikunjua gotini. Akasema kwa ile sauti ya puani ya ubao wa simu, ambayo wifi aliwafundisha watoto wote wa nyumba kwa mchezo, "Nambari tafadhali."

Wifi alicheka. Kicheko kilimuuma, akajishika mbavu, lakini kilikuwa kicheko.

"Kwanza dawa," nikasema.

Alifungua mdomo mwenyewe. Baada ya kumeza akaniamuru niuangushe mfuniko, ajihakikishie. Nusu saa baadaye akaniamuru tena. Jioni ile niliuangusha mara nne, na jirani akapita dirishani kuuliza kama tunagombana.

Walifanya kazi wawili wale mpaka jua likazama, mmoja kitandani na mwingine sakafuni. Wifi alikuwa mkali. Dirisha libaki limezibwa, kwa kuwa hana shida ya kujua nani anachomelea geti la nani. Pazia zibaki. Zulia litolewe mlangoni, libaki upande wa kitanda tu, mtu asikike akija na anyamaze akifika. Kikombe cha bati kirudi, na kijiko chake. Stuli ivuliwe viatu. Wifi alitaka kila mtu awe na sauti yake, isifanane na ya mwingine. Mimi nilipewa ndara zangu za zamani zinazopiga kisigino. Mjukuu aliambiwa avae bangili mbili.

"Na muuguzi?" mjukuu aliuliza. "Viatu vyake ni vya mpira."

"Ana funguo nyingi mfukoni. Azitikise getini. Asinifikie kama jini."

Mjukuu aliandika yote. Nikamwona amefuta kurasa kadhaa za nyuma, zile za wodi ya hospitali, kwa mstari mmoja mrefu. Nilimletea chai.

Mlango ndio uliotushinda kidogo. Alizifuta bawaba kwa kitambaa na mafuta ya taa, akang'oa kitambaa cha sufu, akausukuma. Kimya. Akaosha tena. Alikuwa amepaka grisi kwa moyo wote, na ikaingia kila mahali. Ijumaa asubuhi bado alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango, mikono inanuka mafuta ya taa, anazisugua bawaba kwa mswaki wa zamani. Mwishowe ulitoa mlio mmoja, mwembamba, wa kukwama.

"Una mafua," wifi alisema kutoka kitandani. "Lakini ndio huohuo."

Muuguzi alikuja saa nne. Gari lilikuwa limesimama nje, nyuma limetandikwa godoro. Nilimpokea getini, nikamwambia atikise funguo zake. Alinitazama kama aliyefiwa na bibi yake wa mwisho mwenye akili timamu, lakini alizitikisa.

"Huyo ni sista," sauti ya wifi ilitoka ndani. "Mwambie gari lake linachoma mafuta bure."

Muuguzi alisimama pale pale, funguo mkononi. Nilipomwambia kwamba wifi anameza dawa tangu jana, alienda kumwambia dereva ageuze, aondoke. Aliporudi alikumbatia kikombe cha chai kwa viganja viwili, muda mrefu kuliko kawaida, akajifuta macho kwa mabega.

Mjukuu alirudi kazini Jumapili. Alituambia baadaye kwa simu kwamba wakubwa wa hospitali wamemshangaa, yeye aliyeajiriwa kuondoa kelele sasa anaomba aruhusiwe kuacha nyingine. Hawajakubali wala hawajakataa. Wifi alimwambia aseme kwa sauti.

Wifi yangu alikaa wiki tano zaidi. Sitasema zilikuwa nyepesi. Nilichoka mpaka nikasahau siku, na kuna asubuhi nililia kwenye beseni kabla ya kuingia. Lakini kila nilipousukuma mlango ulilia, na kila ulipolia kulikuwa na neno kutoka kitandani. Umechelewa. Goti la kulia leo limekunywa. Maneno yalipungua, yakawa moja moja, yakawa kidole kilichoinuka juu ya shuka. Nilikijua kidole kile kinasema nini.

Asubuhi moja kabla hakujapambazuka, mlango ulilia, na hakuna aliyeniambia nimechelewa. Niliweka beseni chini. Nilikaa kwenye stuli, nikamshika mkono, bado ulikuwa na joto kidogo. Nilimwosha kwa maji yale yale. Yalikuwa ya uvuguvugu, na sikuona sababu ya kuyamwaga.

Baada ya mazishi, Jumanne, muuguzi alikuja kuchukua chupa ya dawa iliyobaki. Sheria ndivyo inavyotaka, ni dawa kali. Nilikuwa jikoni nilipozisikia funguo getini. Alizitikisa kwa mazoea, kisha nadhani akakumbuka, maana zilinyamaza katikati.

"Endelea," nikamwambia kupitia dirishani. "Bado kuna anayesikiliza."

Tulikaa chumbani kwa wifi. Chai niliimimina kwenye vikombe vya bati. Aliandika kwenye karatasi yake, akaifunga chupa kwenye mfuko, na kazi yake ikawa imekwisha. Hakuinuka lakini. Aliniuliza kama ninalala. Nilimwambia nalala, ndiyo taabu, nalala mpaka jua linatoka na hakuna wa kunilaumu. Alipotoka mlango ulilia nyuma yake, akausimamisha kwa mkono.

"Bibi, nikutafutie mtu auwekee mafuta?"

"Uache hivyo."

Nilimsindikiza mpaka getini, magoti yakilia njia nzima. Alishika mkono wangu, na mkono wake ulikuwa na joto, aliupasha moto kwa chai ijapokuwa leo hakuwa na mgonjwa wa kumgusa.

"Sista," nikasema, "Jumanne ijayo pita tena. Najua hakuna mgonjwa. Pita tu, nikusikie ukiingia."